Dhiraa Moja Bila Lipu

Leokadia Wrona hajawahi kuacha ukuta nusu. Hilo hata mahasimu wake, na hapa Łozowiec, mji wetu mdogo wa Poland, anao wawili watatu, hawawezi kumnyang'anya. Ukimwita azibe ufa mmoja wa jikoni, jioni utakuta jiko zima limepigwa lipu, na ukimuuliza nani kamtuma, atakutazama kana kwamba wewe ndiye mwenye ufa. Kazi alifundishwa na baba yake, kisha akaenda chuo cha ufundi zama zile serikali ya Kikomunisti ilipokuwa ikijigamba kwamba mwanamke anaweza kushika mwiko wa lipu sawasawa na mwanamume. Serikali ile ilitudanganya mengi, lakini hilo lilikuwa kweli. Leokadia aliushika mwiko na hakuuweka chini mpaka nywele zake zikawa na rangi ya chokaa. Ni mfupi, mpana wa mabega, na ana sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

Husema kwamba ukuta usiokamilika unamnyima usingizi. Wageni hucheka, wakidhani ni fundi anajisifu. Sisi majirani hatucheki, kwa sababu tunaujua ukuta anaousema.

Yeye na mumewe Tadeusz, aliyekuwa dereva wa basi la Lublin, walijaliwa mtoto mmoja tu, Olek. Kila mwaka, siku ya mtakatifu wa jina lake, Tadeusz alimsimamisha mtoto wima kwenye ukuta wa jikoni unaotazamana na mlango, akamwekea kitabu kichwani, akachora mstari kwa penseli. Mistari ikawa inapanda ukutani jinsi mtoto anavyopanda. Olek alipokuwa na miaka tisa, mwishoni mwa baridi, barafu ya mto Bug ilimkatikia miguuni. Walimzika Jumamosi. Jumatatu Tadeusz alikwenda kazini, na aliporudi akakuta ukuta wa jikoni umebanduliwa mpaka kwenye matofali na kupigwa lipu mpya, mbichi, laini kama ganda la yai.

Leokadia alikuwa ameshindwa kunywa chai huku ile mistari ikimtazama. Alifanya kitu alichojua kufanya. Tadeusz alisimama mlangoni, akautazama ukuta, akanawa mikono, akala. Hakusema kitu siku ile wala kesho yake, na jina la Olek halikutoka tena kinywani mwake. Lipu ilipokauka, Leokadia alitundika pale kalenda ya parokia. Tangu hapo wameishi bila ugomvi. Wanaulizana chumvi iko wapi, wanaulizana kama mvua itanyesha, na miaka imekwenda hivyo mpaka wote wawili wamekuwa wazee. Wanapendana, usidhani vinginevyo. Ila kuna jambo moja ambalo Leokadia amelingoja miaka yote hiyo, nalo ni kumsikia mumewe akilitaja jina la mtoto wao. Kumwomba ataje hawezi, kwa kuwa yeye ndiye aliyefuta.

Sasa niseme habari za ghala. Sote tuliliita ghala, hata waliojua kwamba ni sinagogi. Lilijengwa na Wayahudi wa hapa, ambao siku hizo walikuwa nusu ya mji, pengine na zaidi, baada ya sinagogi lao la mbao kuungua. Wakaja Wajerumani, wakawachukua watu, wakafunga farasi mle ndani. Vita vilipokwisha, wenye jengo hawakurudi, na jengo lisilo na mwenyewe halikosi wa kulitumia. Ushirika uliweka nafaka, kisha mbolea ya chumvichumvi iliyozila kuta mpaka usawa wa kiuno. Wakaja zimamoto na magari yao. Likaja duka la fanicha. Leokadia na Tadeusz walinunua mle kabati lao la harusi, wakalitoa kwa mkokoteni, wakapita chini ya herufi za Kiebrania zilizokuwa zikichungulia kwenye chokaa juu ya mlango. Hawakuinua macho. Hakuna aliyeinua, kila mtu alikuwa na kabati la kubeba.

Mwishowe paa lilianguka, miti ikaota ndani, na vijana wakawa wanakwenda kunywea bia mle. Hivyo ndivyo lilivyokuwa mpaka wilaya ilipopata fungu la kulitengeneza liwe maktaba. Akaletwa msanifu kutoka Lublin, Kinga Sobczak, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, anayetembea haraka kama aliyeacha maziwa jikoni. Kinga alikuwa mweledi wa majengo ya kale, na alitaka kuta zipigwe lipu ya chokaa kama zamani, si saruji. Mafundi wa chokaa wamebaki wachache, na katika mji wetu amebaki mmoja. Leokadia alikuwa amestaafu, anachimba vitunguu vyake. Alikubali kabla Kinga hajamaliza kueleza.

"Hii ndiyo ya mwisho," alimwambia Tadeusz. "Nikimaliza hii, mwiko nautundika."

"Ulisema hivyohivyo kuhusu shule," Tadeusz alijibu, akiendelea kumenya viazi.

Walifanya kazi kuanzia theluji ilipoyeyuka. Leokadia alikoroga chokaa mwenyewe, hakumwachia mtu. Alipanda jukwaani na goti lake linalolia, akapiga lipu ukuta wa kusini, akapiga wa mashariki penye tundu walimokuwa wakiweka vitabu vyao vitakatifu, akapiga nguzo zote. Wiesiek, seremala aliyekuwa akishughulika na madirisha, alikuwa mchokozi wake wa kila siku.

"Bi Leokadia, teremka upumzike, bibi wee. Ukianguka huko juu, tutakupiga lipu na wewe."

"Wewe shughulika na madirisha yako yasiyofunga. Jana upepo umenivua kofia."

Ulibaki ukuta wa magharibi, ule wenye mlango. Kushoto kwa mlango, juu kidogo ya kichwa cha mtu, palikuwa na kiraka cha saruji kilichowekwa enzi za ghala. Leokadia alikibandua, na nyuma yake akakuta matofali matupu. Hayakuwa na lipu ya zamani hata chembe. Palikuwa na mraba wa dhiraa moja, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, na kingo zake zimenyooka.

Hasira zilimpanda. Kuta nyingine zote za wazee wale zilikuwa zimepigwa lipu safi, lipu ya kumtia fundi wivu. Halafu hapa, kando ya mlango, pahala ambapo kila anayetoka lazima apaone, mtu kaacha shimo.

"Fundi gani huyu?" alifoka. "Njoo uone, Wiesiek! Kaacha matofali yako nje kama mwenye suruali iliyochanika."

"Labda lipu ilimwishia."

"Lipu haiishi. Aliyekuwa ameisha ni yeye."

Kinga alikuja kupatazama, akapanda ngazi, akapapasa kingo kwa kidole. Simu yake ikalia. Mwanawe alikuwa na homa, ikabidi aondoke siku ileile kwenda Lublin.

"Ukuta huu unisubiri, Bi Leokadia," alisema akiwa ameshafika mlangoni. "Kuna watu nataka kuwauliza."

"Nenda kwa mtoto, mwanangu. Ukuta hauna miguu."

Leokadia alisikia, na nia ya kusubiri alikuwa nayo. Lakini asubuhi iliyofuata aliingia akaona ule mraba, akatoka kunywa chai akauona tena, akageuka kuchukua ndoo ukawa uko mgongoni kwake na bado anauhisi. Homa ya mtoto haikushuka upesi, Kinga akakawia. Hatimaye Leokadia akakoroga chokaa kidogo, ile laini ya mwisho, akaziba. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe hakuweza kuonyesha kiraka kilipoanzia. Usiku ule alilala vizuri.

Kinga alirudi wiki moja kabla ya ufunguzi, akiwa na mgeni. Alikuwa mzee mrefu kutoka Haifa kule Israeli, Awigdor Lustman, mwenye fimbo na kofia ya kitambaa. Baba yake alizaliwa hapa, mtoto wa mtengeneza hatamu za farasi, akakimbilia mashariki na mkewe kabla Wajerumani hawajafunga njia. Mzee Lustman mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga hapa, lakini alizungumza lugha yetu, tena ile ya kizamani ambayo siku hizi tunaisikia kwa mapadri tu.

Wageni wote wanaoingia mle hutazama mbele, kwenye ukuta wa mashariki, au juu kwenye dari. Huyu aliingia, akageuka papo hapo, akautazama ukuta alioupa mgongo.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Nini, bwana?" Leokadia alisema. Alikuwa akifuta mikono kwenye aproni, tayari kupokea sifa.

"Kile kipande kibaya. Kushoto, ukitoka."

Kinga alipandisha macho ukutani, rangi ikamshuka usoni. "Bi Leokadia. Nilisema unisubiri."

"Lilikuwa shimo, mwanangu. Mtu aliacha kazi nusu."

"Hakuacha nusu," mzee Lustman alisema, bila ukali. "Aliacha kamili. Sisi tukijenga nyumba, hata iwe nzuri vipi, tunaacha dhiraa moja bila lipu. Hekalu letu la Yerusalemu lilivunjwa, hilo unalijua, limo hata kwenye kitabu chenu. Kwa hiyo pahala pamoja panabaki hivyo, karibu na mlango. Usije ukakaa ndani ukadhani mambo yote yako sawa."

Leokadia aliona uso unamchoma. "Ni mimi niliyeziba."

"Hongera. Umeziba vizuri mno. Natafuta wala sioni."

"Unanicheka, bwana."

"Kidogo." Akaketi kwenye benchi la Wiesiek, akanyoosha goti. "Nikwambie. Baba alipojenga nyumba Haifa, aliacha kipande chake sebuleni, mkabala na mlango. Mama alikasirika! Nyumba mpya, pazia jipya, halafu kidonda ukutani. Akatundika kalenda juu yake. Baba akaitoa. Mama akairudisha. Mpaka walipokufa, Bi Leokadia, baba akiingia anatoa kalenda, mama akitoka jikoni anaitundika. Sisi watoto tulikuwa hatujui kamwe leo ni tarehe ngapi."

Wiesiek aliangua kicheko huko dirishani. Kinga naye akacheka, japo macho yake bado yalikuwa ukutani. Leokadia hakucheka.

"Tunafanyaje?" Kinga aliuliza.

"Tuiache tu hivyo," Leokadia alisema haraka. "Nikianza kubomoa nitatikisa lipu ya pembeni, mpaka juu ya mlango. Sijawahi kubomoa lipu nzima maishani." Hapo alisema uongo, na alijua anasema uongo. Aliwahi mara moja.

"Iache," mzee Lustman alisema. "Mimi nina goti bovu na ndege ya kurudi. Sikuja kuvunja kuta za watu."

"Tutaweka kibao," Kinga alisema. "Tutaeleza kwamba hapa palikuwa na..." Akaenda kuzungumza na mafundi wa umeme.

Mzee akabaki benchini. Leokadia alijifanya anaosha miiko, huku akimwangalia kwa pembeni. Mzee alitazama ukuta, akatazama sakafu, akatazama ukuta tena, sehemu nyingine. Mwisho akasema taratibu, kama anayejisemea, "Baba aliniambia nikifika nipatazame pale kwa niaba yake. Sasa sijui nitazame wapi."

Leokadia alirudi nyumbani mapema siku ile. Walikula supu ya bitiruti na mkate mweusi, na kwa kuwa alishindwa kula kimya, akasimulia habari ya wazee wa Haifa na kalenda yao. Aliisimulia vizuri, na sauti zote mbili. Tadeusz alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kisha kicheko kikamwisha, naye akainua macho. Mbele yake, mkabala na mlango, kalenda ya parokia ilikuwa imening'inia pahala pake. Leokadia naye akaitazama. Supu ikapoa. Tadeusz akainuka, akaosha sahani yake, akatoka kwenda kumwagilia matango.

Asubuhi Leokadia alikuwa jukwaani kabla ya watu wote, na tindo na nyundo ndogo. Wiesiek alipoingia alisimama na mkate mdomoni.

"Bi Leokadia! Unabomoa? Wewe? Nimwite padri au daktari?"

"Ita fagio. Na ufunge mdomo, vumbi litaingia."

Alipasua kidogokidogo, kutoka katikati kwenda pembeni, mkono wa kushoto ukiikinga lipu iliyobaki kama mtu anayemnyoa mtoto. Ilimchukua muda mrefu kuliko alivyotumia kuiweka. Vipande vilipodondoka alilia, na hakujificha. Hakukuwa na kitu nyuma yake, hakuna maandishi wala alama, ni matofali yaleyale ya hapa, mekundu, mengine yameungua kidogo. Akayapiga mswaki mpaka chokaa yake ikatoka katikati yao. Akarudi nyuma akapatazama. Palikuwa pabaya. Palimuuma vilevile kama siku ya kwanza, ila safari hii hakutafuta mwiko.

Siku ya ufunguzi mji mzima ulikuja, hata wale ambao hawajasoma kitabu tangu shule. Meya alisema, mwakilishi wa wilaya akasema, kila mmoja alisema zaidi ya alivyoombwa. Mzee Lustman hakusema. Alisimama na fimbo yake mbele ya dhiraa moja ya matofali, akavua kofia, kisha akakumbuka kwamba kwao hawavui, akaivaa tena. Alipomwona Leokadia kwenye kundi la watu alimwinamia kichwa. Ndivyo alivyomshukuru, na Leokadia akaona inatosha.

Tadeusz alikuja akiwa na suti ya kanisani. Alikuwa hajaingia mle tangu siku ya kabati. Leokadia alimwona akisimama kando ya mlango, shingo imeinuka, hotuba zinampita. Alipogeuka tena kumtafuta, hakumwona. Akamuuliza Wiesiek.

"Mzee ameondoka kitambo. Ameazima nyundo yangu."

"Nyundo ya nini?"

"Sikuuliza. Mumeo si mtu wa kuulizwa maswali."

Leokadia hakungoja keki. Alipita njia ya bustani, goti likilia, akafungua mlango wa jikoni na kusimama pale pale kizingitini.

Kalenda ilikuwa juu ya meza. Tadeusz alikuwa amevua koti la suti, amekunja mikono ya shati, na ameshika nyundo kwa mkono mmoja na bisibisi kwa mwingine. Ukutani palikuwa na majeraha manne matano yasiyo na mpango, kama vile kuku kadonoa. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye nyusi.

"Naharibu," alisema. "Sijui inavyofanywa."

"Hiyo ni bisibisi, Tadeusz."

"Ndicho nilichokipata."

Leokadia alitaka kusema kwamba mistari haimo, kwamba hata akipasua mpaka nje hataipata, kwani aliibeba yeye mwenyewe kwenye ndoo siku ile na kuimwaga nyuma ya banda. Lakini Tadeusz hakuwa akitafuta mistari. Aliweka nyundo mezani, akasogea ukutani, akageuka na kuuegemea kwa mgongo, wima, kama alivyokuwa akimsimamisha mtoto. Akaweka kiganja bapa juu ya kifua chake, kwenye kifungo cha tatu cha shati.

"Olek alinifika hapa," alisema.

Leokadia alikwenda kwenye mkoba wake wa kazi, akarudi na tindo. Tadeusz akausogeza mkono wake nyuma, taratibu, bila kuushusha wala kuupandisha, mpaka kiganja kikagusa ukuta, naye akapisha. Leokadia akaanza kupasua pale pale mkono ulipokuwa.